Watoto wa Alhamisi

Taasisi ya Utafiti wa Afya ya Mama na Mtoto inautangazia umma, kwa fahari isiyo na kifani, kwamba imetimiza miaka hamsini ya kumtafiti mama na mtoto bila kumsumbua hata mmoja wao.

Ndivyo lilivyosema bango lililotundikwa getini, na lilisema kweli tupu. Katika miaka hamsini hiyo hakuna mjamzito aliyelivuka geti lile. Hakuna mtoto aliyelia ndani ya jengo lile, isipokuwa siku moja mwana wa mfagiaji alipomfuata mama yake kazini, na hata huyo aliandikwa kwenye kitabu cha wageni kama "ujumbe wa ziara ya mafunzo".

Mkunga Mkuu alilisoma bango hilo kila asubuhi kutoka ng'ambo ya barabara, kwenye dirisha la wodi ya wazazi ya hospitali ya serikali. Alikuwa na miaka thelathini na minne katika wodi hiyo. Mikono yake ilikuwa imepokea nusu ya mji, akiwemo diwani mmoja aliyetoka tumboni akipiga kelele na hajanyamaza mpaka leo.

Historia lazima itendewe haki. Miaka kumi ya kwanza, kwa fedha za umma, Taasisi ilitafiti kama iitwe ya Mama na Mtoto au ya Mtoto na Mama. Kundi moja la wataalamu lilishikilia kwamba mtoto ndiye anayemfanya mama awe mama. Kundi la pili likauliza huyo mtoto alidondoka kutoka darini? Walipochoka ikaanza kazi ya kuunda fomu, nayo ikala miaka mingine kumi. Fomu ilikuwa na kurasa kumi na tisa na ilimtaka mtoto mchanga ataje ajira yake.

Kisha ukaja Ugunduzi. Mkurugenzi, akipitia takwimu za uzito zilizoletwa kutoka wodini, alibaini kwamba watoto wanaozaliwa Alhamisi huwazidi wenzao kwa gramu mia nane. Akapewa nishani. Akapewa gari. Mtaani wakampa jina la Profesa Alhamisi, naye akadhani ni heshima.

Sasa Taasisi ilikuwa ikiandika kitabu cha historia yake, na Katibu wa Kamati ya Historia akavuka barabara kuja kukusanya kumbukumbu za wadau. Alikuwa bwana mtanashati mwenye kalamu nne mfukoni.

"Bi Mkunga," alisema, "tueleze ulivyojisikia kushiriki katika Ugunduzi wa Alhamisi."

"Baridi," alijibu Mkunga Mkuu.

"Ulijisikia baridi?"

"Si mimi, watoto. Sinia la mizani ni la chuma. Ukimlaza mtoto pale mtupu, anaruka kama samaki. Kwa hiyo tunamfunga kitambaa chepesi, ndipo tunampima."

"Kitambaa. Naandika."

"Alhamisi vitambaa vyote huenda kwa dobi. Kinachobaki ni blanketi la mlinzi."

Kalamu ikasimama. "Blanketi la namna gani?"

"La sufu. Zito kama lawama. Njoo ulipime mwenyewe."

Katibu akalipima. Gramu mia nane. Akalikung'uta vumbi, akalipima tena, likagoma kupungua.

"Na uzito wa blanketi mliutoa?"

"Fomu yenu ina nafasi ya ajira ya mtoto. Nafasi ya blanketi haina. Niliwaandikia barua tatu."

"Barua zako zipo," Katibu alisema kwa heshima kubwa. "Zimetunzwa vizuri sana. Hakuna aliyezigusa."

"Basi mzisome."

"Umechelewa, Bi Mkunga. Wizara imeshatoa mwongozo." Akamkabidhi bahasha. Ndani yake iliandikwa kwamba, ili taifa lipate watoto wazito, wodi ya wazazi itafunguliwa siku ya Alhamisi tu kuanzia mwezi ujao. Siku sita zinazobaki chumba hicho kitakuwa makumbusho ya utafiti.

Mkunga Mkuu aliisoma mara mbili. "Na atakayeshikwa na uchungu Jumatatu?"

"Anashauriwa ajipange."

"Baba, mimba si foleni ya benki, useme nitarudi kesho."

Katibu aliyaandika maneno hayo chini ya kichwa "Maoni ya Jamii", akashukuru, akamwachia zawadi ya kitabu kinene cha Kanuni za Utafiti, chenye sahihi ya Mkurugenzi kwenye kila ukurasa.

Jioni hiyo Mkunga Mkuu alipitia kwa mpwa wake, mshonaji wa sare za shule, ambaye tumbo lilikuwa limemsukuma mbali na cherehani kiasi kwamba alishona kwa ncha za vidole. Mtoto wake wa kwanza alikuja kwa nusu saa, kama mtu anayekimbilia basi. Hospitali nyingine iliyo karibu ilikuwa mwendo wa saa mbili, barabara ikiwa imeamka vizuri.

"Shangazi, nimehesabu. Mimi naangukia Jumatatu."

"Najua."

"Nikibana miguu mpaka Alhamisi?"

"Nyamaza, mwanangu. Hilo Wizara haijalifikiria. Usiwape mawazo."

Mpwa akacheka, halafu akaacha. "Kweli nitazalia wapi?"

Mkunga Mkuu alitoa miwani mkobani akaivaa. Akafungua kitabu cha Kanuni, maana ndicho kitu pekee alichokuwa nacho mkononi. Alipofika kifungu cha saba aliweka miwani sawa. "Mshiriki yeyote aliyesajiliwa hatafukuzwa katika eneo la Taasisi wakati utafiti ukiendelea."

"Ile fomu ya kurasa kumi na tisa uliijaza?" akauliza.

"Wote tuliijaza, kliniki. Walitupa penseli."

Jumatatu ya kwanza ya mwezi, mlango wa wodi ulikuwa na kufuli jipya la serikali na karatasi yenye mwandiko wa Mkunga Mkuu: "Leo si Alhamisi. Washiriki wote wa utafiti wavuke barabara."

Wakavuka. Wanawake watano, kila mmoja na kikapu chake, na mbele yao Mkunga Mkuu amekumbatia mizani. Mlinzi wa geti alionyeshwa kifungu cha saba, akakisoma kwa kidole, akapiga saluti.

Ukumbini yalikuwa yakifanyika mazoezi ya sherehe. Mkurugenzi alikuwa jukwaani katika koti la sufu lenye nishani zote, akijizoeza kupokea makofi. Alishtuka kuona viti vya wageni waalikwa vikikaliwa na watu wanaopumua kwa nguvu.

"Nani amewaruhusu hawa?"

"Wewe, Profesa," alisema Mkunga Mkuu. "Kifungu cha saba. Sahihi ni yako."

"Lakini hii ni taasisi ya utafiti wa mama na mtoto."

"Ndio hao. Watoto wako njiani."

Mpwa alishika mgongo wa kiti. "Shangazi, ni kama yule wa kwanza. Naona na huyu ana haraka."

Hapakuwa na muda wa kuunda kamati. Alilazwa juu ya meza ya mkutano, ile ndefu iliyong'arishwa ambayo juu yake sera kumi na moja zilikuwa zimefia. Katibu alitumwa maji moto na akaenda mbio, jambo lisilopata kutokea katika historia ya Taasisi. Mkurugenzi alikuwa akirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni.

"Profesa, njoo umshike mkono."

"Mimi ni mtaalamu wa takwimu."

"Basi hesabu pumzi."

Akahesabu. Alifika mia mbili na kumi na nne, huku vidole vyake vikipondwa na mshonaji aliyezoea kubana mkasi, ndipo sauti nyembamba yenye hasira ikaujaza ukumbi. Mtoto wa kike. Macho ya Mkurugenzi yalilowa, hali ambayo taarifa rasmi baadaye iliihusisha na kiyoyozi. Hakika chumba kilikuwa baridi. Bila kuagizwa na mtu, Mkurugenzi alivua koti, akamfunga mtoto ndani yake kwa uangalifu, na akamweka kwenye mizani.

"Kilo nne na gramu mia tisa," akasoma. "Siku ya Jumatatu?"

Mkunga Mkuu aliitazama dari kwa makini sana. Baadaye alimpima mtoto upya katika kitambaa chake, kilo tatu na robo, mzima wa afya, akaandika kwenye daftari lake mwenyewe.

Kikao cha dharura kilidumu saa tatu, katika ukumbi mdogo, maana katika ule mkubwa watu walikuwa wanaendelea kuzaliwa. Mjumbe mmoja aligusia suala la koti, akaombwa aheshimu nishani. Hatimaye likapitishwa azimio: kwa kuwa Alhamisi ni siku ya watoto wazito, na kwa kuwa mtoto mzito kuliko wote katika historia amezaliwa Jumatatu, basi Jumatatu nayo ni Alhamisi, na kwa tahadhari, siku zote saba za juma zihesabiwe kuwa Alhamisi. Wizara iliridhia bila swali, kwa sababu azimio lilikuwa refu. Kufuli la wodi likafunguliwa jioni hiyohiyo na halijafungwa tena.

Mkunga Mkuu angeweza kuishia hapo. Lakini alikuwa mtu wa kumaliza kitabu alichokianza, na baada ya kifungu cha saba huja cha nane: "Atakayempokea na kumpima mshiriki atamtembelea nyumbani kila Alhamisi, yeye mwenyewe, kwa miguu, akiwa na mizani, mpaka mtoto atimize miaka mitano." Mkurugenzi alikitunga zamani, akiwakusudia wauguzi. Katika fomu ya mtoto huyu, kwenye nafasi ya "aliyempokea na kumpima", palikuwa na jina la Mkurugenzi, alilojiandika mwenyewe kwa mwandiko mzuri, asije mtu akamnyang'anya rekodi.

Ndiyo maana asubuhi ya Jumapili alionekana akipanda ngazi za ghorofa ya tatu, mizani begani, jasho likimtiririka.

"Umechelewa, Profesa," mshonaji alisema bila kuinua uso kutoka kwenye cherehani. "Mpime, halafu umbembeleze. Amegoma kulala tangu alfajiri."

Mkurugenzi akamgeukia Mkunga Mkuu, aliyekuwa amekaa kitini akinywa chai. "Bi Mkunga, nikumbushe tu. Leo si Jumapili?"

"Jumapili?" Mkunga Mkuu alipuliza chai yake. "Hiyo mliifuta."