Boti ya Buluu na Mawe ya Hilaria

Jumatatu, 10 Mei 1976

Nimeanza kuandika leo. Mtu anayekaribia kuwa mkubwa lazima aache kumbukumbu. Wilaya imetuletea mafunzo ya kuunda boti za mbao, hapa hapa mwaloni kwetu, ufukweni boti zinapotia nanga, kusini kidogo ya Karema. Tumeandikishwa watu kumi na wawili. Makundi mawili, boti mbili. Siku ya Saba Saba Bwana Samaki, afisa uvuvi wa wilaya, atakuja kuzipanda. Kiongozi wa kundi lenye boti bora atapelekwa Kigoma mwaka mzima kusomea ufundi, kisha arudi kuwa fundi mkuu wa kijiji. Nafasi ni moja. Ni yangu.

Kiongozi wa kundi la kwanza ni mimi, Maximilian. Wa kundi la pili ni Hilaria, mjane wa rafiki yangu Melkior, yule aliyezama na mtumbwi wa gogo mwaka juzi. Mwanamke na randa! Nimemwonea huruma.

Mke wangu Eufrazia ameuliza kama hii itakuwa kama ule mradi wangu wa sabuni. Nimemjibu sabuni ilikuwa mazoezi. Akasema basi na haya yawe ya mwisho, kaka zake wa Kabungu wamechoka kucheka. Kesho nakwenda Kabungu kuwaaga rasmi.

Jumatano, 19 Mei 1976

Nimeona jambo.

Fundi wetu anaitwa Cyriaque, Mrundi aliyekuja huku na familia yake miaka minne iliyopita. Mtu mfupi, mpole, anaongea kama anayeogopa kuamsha mtoto mchanga. Leo alichemsha maji kwenye pipa, akaingiza ubao wa mninga kwenye mvuke, akauacha humo mpaka tukachoka kusubiri. Kisha akautoa, akauegemeza kwenye mbavu za boti, akaukunja. Mninga! Mti ambao ukiupiga panga, panga linaomba radhi. Ulikunjika kama mkeka.

Nilijikuta nimevua kofia, kama niko kanisani. Hilaria aliupapasa ubao ule mara tatu, akauliza kama hauumii. Fundi akamjibu, "Ubao hauna ugomvi na maji. Ukiuzoeza, unakubali."

Nimeyaandika maneno hayo kwa sababu ni mazuri. Sijui yananihusu nini.

Alhamisi, 24 Juni 1976

Boti zimekwisha. Ni ajabu kuzitazama. Mei palikuwa na rundo la mbao, leo pana vitu viwili vyenye pua na matumbo. Nimezunguka yangu mara saba. Mikono hii!

Tatizo moja. Zimefanana mno. Bwana Samaki atajuaje ipi ni ya mtu mwenye akili?

Nimepata jibu: rangi. Misheni wana makopo ya rangi ya buluu iliyobaki walipopaka madirisha, na padre amekubali tuchukue. Fundi amesema kesho ni somo la mwisho, asikose mtu hata mmoja, maana baada ya hapo anakwenda Mpanda kumleta Bwana Samaki. Mimi semina nimehudhuria. Somo la mwisho huwa ni shukrani na kupiga makofi. Kesho naondoka na kundi langu zima, tukabebe makopo na kukata makuti ya mapambo.

Jumapili, 27 Juni 1976

Buluu! Ukingo mweupe. Ubavuni nimeandika MAENDELEO kwa mkono wangu. Watu wametoka misa wakapita kwanza mwaloni, hata mzee mwenyekiti wetu Salvatori, ambaye hasimami kwa ajili ya kitu chochote, alisimama. Nimeamuru boti isiguswe, ikauke juani mpaka siku yenyewe. Jua la mwezi huu ni kali. Heri yetu.

Boti ya Hilaria ni kahawia tu, rangi ya mbao. Maskini.

Jumatatu, 5 Julai 1976

Boti ya Hilaria imezama!

Nimeikuta asubuhi, imekaa chini ya maji, imejaa mawe mpaka mdomoni. Mwenyewe ameketi ufukweni anaitazama, kama mtu anayengoja maharage yaive. Niliona huruma, halafu furaha, halafu huruma tena, lakini kidogo. Nikampa pole.

Akasema haijazama, wameizamisha wenyewe. Eti ndilo lilikuwa somo la Ijumaa ile. Eti mbao kavu lazima zinywe maji siku mbili kabla ya safari, zivimbe, zibane nyufa zake zenyewe. Kisha akaniangalia bila kucheka.

"Shemeji, yako imekauka mno. Izamishe na wewe. Mawe nitakusaidia kubeba."

Nilitembea mpaka nyumbani nikitikisa kichwa. Wivu una mbinu! Mtu boti yake imemshinda, anataka tuzame wote. Nani amewahi kuponya kitu kwa kukizamisha? Na rangi ya misheni je?

Nimekwenda kwa mzee Salvatori nikamweleza kwamba boti ya Hilaria imepatwa na msiba, kwa hiyo Bwana Samaki apande ya kwangu kwanza. Amekubali. Jioni nimekagua MAENDELEO. Kwenye sakafu pana nyufa, mwanga unapita kama kwenye chekeche. Nimezipaka rangi tabaka la pili. Hazionekani kabisa.

Jumatano, 7 Julai 1976. Saba Saba

Naandika nikiwa nimejifunika blanketi, ingawa ni mchana.

Ngoma zilipigwa. Fundi Cyriaque alishuka kwenye Landirova pamoja na Bwana Samaki, akaiona boti yangu jinsi ilivyo kavu, akafungua mdomo aseme kitu. Lakini mimi nilishaanza hotuba. Nilipomaliza nilimpandisha Bwana Samaki, mimi na kundi langu tukapiga makasia, watu wakishangilia.

Hatua kama mia hivi kutoka ufukweni aliniuliza kwa upole kama ni kawaida viatu vyake kulowa. Nikamwambia ni umande. Maji yalikuwa yanapanda kutoka kila upande, bila sauti, bila haraka. Nilianza kuyachota kwa kofia. Hapo ndipo Bwana Samaki aliponiambia kwamba yeye ni mzaliwa wa Singida na hajui kuogelea.

MAENDELEO ilikwenda chini ikiwa bado inapendeza.

Nilimshika mzee wa watu kwa ukosi wa shati, nikawa napiga miguu, nikawa nakunywa ziwa. Nilimkumbuka Melkior. Niliogopa, na ninaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kisha ikatokea ile boti ya kahawia. Usiku uliopita ilikuwa bado chini ya mawe! Hilaria alikuwa mbele, anapiga kasia kimya kimya. Akatuvuta ndani mmoja mmoja, na wanakundi wangu wote. Watu kumi na watatu kwenye boti moja, na haikuyumba. Nikapapasa sakafu yake. Kavu. Nikapapasa tena. Kavu kama sakafu ya sakristia ya kanisa. Ilikuwa imebana kiasi kwamba hata ukucha wangu haukuingia kati ya ubao na ubao.

Hilaria naye alikuwa ameweka kiganja pale pale. Alisema kwa sauti ndogo, si kwa yeyote, "Laiti Melkior angekuwa na hii."

Niliinamisha kichwa. Mimi! Mwili mzima ulisisimka, na haukuwa ubaridi wa maji.

Nafasi ya Kigoma amepewa Hilaria. Hata Eufrazia amepiga vigelegele.

Jumamosi, 10 Julai 1976

Leo tumeivua MAENDELEO. Tumemwaga maji, tumeiweka ziwani. Haivuji tone! Siku tatu chini ya ziwa, na imepona yenyewe. Nimekaa ndani yake mpaka saa sita nikiitazama sakafu. Sijapata kuona muujiza kama huu. Fundi Cyriaque amenieleza habari za mbao kavu na kuvimba, lakini sikumsikiliza vizuri, nilikuwa natafakari. Kumbe siri yote ya ufundi ni moja: kuzamisha.

Jumatatu, 19 Julai 1976

Asubuhi meli imemchukua Hilaria. Nilimbebea sanduku. Aliniaga vizuri, akanisihi mafunzo mengine yakija nisikose hata somo moja. Nimemwahidi.

Mafunzo mengine yameanza leo hii hii. Ufugaji nyuki, mtaalamu katoka Mpanda, na mshindi atapelekwa Tabora. Nafasi ni moja. Somo la kwanza lilikuwa saa tatu. Sikwenda, nilikuwa kazini. Mizinga yote minane ya mzee Salvatori nimeizamisha ziwani, nimeijaza mawe mpaka mdomoni. Siku tatu, wala haitavuja tone la asali.

Eufrazia amekuja, ametazama, ameondoka. Nyuki wametanda juu ya mwamba, wananitazama. Hawajapata kuona fundi kama mimi.