Uhakiki wa Severin

Severin hakuwa mwizi. Mwizi huruka ukuta. Severin alifunguliwa mlango akakaribishwa kwa chai. Siku aliyowasikia wanafunzi wa chuo cha Mazimbu wakilalamika kwenye kibanda cha chai kwamba likizo imefika na vibarua hakuna, alimshukuru Mungu, akaenda kuazima meza.

Kesho yake mwavuli ukasimama kando ya barabara, na bango: UHAKIKI WA WANAFUNZI WAFANYAKAZI. Mezani palikuwa na mashine ya alama za vidole, ile ya mawakala wa simu. Mwanafunzi atoe kitambulisho, aweke kidole, aende akangoje kazi. Kazi isingekuja. Ila laini ya simu ingesajiliwa kwa jina lake, na Mansuri wa sokoni, bingwa wa kutapeli watu kwa meseji, angeinunua.

Foleni ikajaa. Severin akamteua binti mpole aliyekuwa mbele, Hidaya.

"Dada, wewe kazi umeshapata. Kaa hapa, uwe karani."

Akamfundisha mashine. Hidaya akakaa. Kazi aliitaka kweli. Lakini kaka yake, Dadi, alishawahi kulala mahabusu siku tatu kwa laini asiyoijua iliyosajiliwa kwa jina lake, na hapa chini ya meza mguu wake uligusa boksi zima la laini mpya.

"Kaka Severin," akasema kwa adabu, "watu wanaogopa."

"Wanaogopa nini?"

"Kwetu Mgeta, anayekukaribisha togwa huonja kwanza mwenyewe, kutoa hofu."

"Aonje! Aonje!" foleni ikadakia. "Au kuna kitu humo?"

Severin akawaza: laini moja nitaitupa. Akampa Hidaya kitambulisho chake, akageukia umati, kidole akakiacha nyuma. Hotuba alizipenda mno.

"Ndugu wasomi, taifa halijengwi na watu wasiohakikiwa..."

"Kidole, kaka. Mtandao unasumbua."

"...hata mimi bosi nahakikiwa..."

"Tena, kaka. Kimeteleza."

Mdomo ulikuwa upande wa watu, kidole upande wa Hidaya, kikibonyezwa tena na tena. Wakampigia makofi. Aliyepigiwa makofi husikia njaa, basi Severin akaenda kula pilau, meza akamwachia karani.

Aliporudi, foleni haipo. Hidaya akamkabidhi bahasha yenye laini tano.

"Tano tu?"

"Betri imekufa, kaka. Wengine nimewaambia kesho. Naenda kuchaji mashine."

Akaondoka na mashine. Na boksi pia, lisije likaibiwa. Mjini kuna matapeli.

Alasiri ile ile Mansuri alizipokea laini kibandani kwake sokoni, akaanza kutuma meseji zake kwa zote tano. Alipomaliza ndipo akajaribu kutuma hela kwenye mojawapo, aone jina la mwanafunzi gani linatokea. Akajaribu ya pili. Akajaribu zote.

"Severin," akasema taratibu, "wewe unasoma chuo gani?"

"Mimi? Chuo?"

Mansuri akamgeuzia simu. Kabla Severin hajamaliza kusoma jina lake kamili, la baba na la babu, simu ikaita. Mansuri akaisikiliza kidogo, akamnyooshea.

"Pokea," Mansuri akasema, akifunga kibanda haraka haraka. "Anamtaka mwenye laini. Anasema yeye ni afande."