Beseni la Saa Tisa na Dakika Arobaini

Tangazo lilibandikwa kwenye mbao zote za matangazo za mji wa Hinokawa: Halmashauri, baada ya vikao kumi na vinne, imeridhia wananchi wacheke siku ya tamasha la vuli. Lengo ni vicheko mia tatu. Watumishi sita wataketi kando ya jukwaa na vidude vya kuhesabia, wakibofya kila kicheko. Cha puani hakitahesabiwa.

Mzigo huo alitwishwa Nagase Tokuji, mchekeshaji aliyeangushiwa beseni la bati kichwani kwenye televisheni kwa miaka thelathini. Lakini mwaka huo Nagase alikuwa ametoa wimbo, kuhusu mgane anayepika wali wa watu wawili kila asubuhi na kula peke yake. Mgane mwenyewe ni yeye. Redio ziliupiga mpaka watu wakawa wanalia kwenye treni, kisha wakikumbuka anayeimba ni nani, wanaona haya.

Marehemu mkewe, Chizuru, alizaliwa Hinokawa, na mama yake, bibi wa miaka themanini na minne, angeketi safu ya mbele. Bibi huyo hakuwahi kumcheka mkwewe hata siku moja. Alisema hakumlea binti aolewe na mtu wa kupigwa mabeseni. Nagase alitaka jambo moja tu: amwimbie wimbo wote, asipigwe na kitu.

Akaenda kwa Bi Kuramochi, karani wa Kitengo cha Furaha, akamkuta na fomu mezani: beseni kuanguka ubeti wa tatu.

“Beseni haliondoki, Bwana Nagase,” alisema karani. “Limeshapitishwa na kikao.”

“Basi lisubiri nimalize wimbo kwanza, dada yangu.”

“Kuondoa siwezi. Kurekebisha muda naweza.” Akautazama mlango. “Kabla yako Meya anafungua, saa tisa na dakika ishirini, kwa hotuba ya dakika kumi. Umewahi kumsikia?”

“Mara moja. Niliingia nina njaa, nikatoka nina mvi.”

Bi Kuramochi akafuta “ubeti wa tatu”, akaandika “saa tisa na dakika arobaini kamili”. Fomu ikapita meza saba. Katika ofisi ile, mdogo hugonga muhuri wake ukiwa umeinama kidogo kuelekea wa mkubwa wake, ndiyo adabu. Mihuri sita ikainama. Wa saba, wa Meya Oginuma, uligongwa wima, maana yeye hainamii mtu, tena bila kusoma, maana kusoma ni kazi ya wadogo.

Siku ilipofika, Meya alianza saa tisa na dakika ishirini. Ilipotimia arobaini kasoro moja alikuwa kwenye historia ya mitaro ya maji machafu, ndiyo kwanza amefika mwaka wa tatu. Nyuma ya pazia Nagase aliomba hotuba isiishe. Juu, kwenye dari la jukwaa, alikaa Hida, mtu wa kamba ya beseni, ambaye kwa miaka ishirini na sita ya utumishi hakuchelewa hata sekunde. Alichungulia, akaona kichwa kilichopo chini ni cha nani. Akaisoma fomu tena. Mihuri saba. Akaachia.

Uwanjani kila mtu akamtazama jirani yake apate ruhusa. Kisha kutoka safu ya mbele ikasikika sauti nyembamba ya bibi kizee ikicheka, na mji mzima ukamfuata. Watumishi walibofya mpaka vidole gumba vikavimba. Vicheko mia sita na kumi na kimoja.

Meya, akiwa ameshika utosi, aliuliza nani aliyeidhinisha upuuzi ule. Bi Kuramochi alimletea fomu kwa mikono miwili.

“Ni wewe, Mheshimiwa.”

Kwa kuwa lengo lilikuwa limevukwa, kanuni haikudai tena kicheko. Nagase akaimba beti zote tatu, na hakuna aliyecheka. Bibi alilia waziwazi, kisha akamwita mkwewe.

“Kesho asubuhi usipike,” alimwambia. “Njoo kwangu. Nitapika wa wawili.”

Wiki iliyofuata taarifa ya tamasha iliandikwa. Mwimbaji: Nagase Tokuji. Mchekeshaji: Oginuma, Meya, kwa kuvuka lengo, arudishwe jukwaani mwakani na beseni lake. Ikapita meza saba. Mihuri sita ikainama. Wa saba ukagongwa wima, bila kusoma.