Zimwi la Matumaini Juu ya Bati Langu

Jumatatu, 31 Machi
Nimeshinda! Mama Kokuberwa, mwenyekiti wa jumuiya yetu hapa Chamazi, kakubali sala ya Jumamosi ije kwangu. Tangu mke wangu azikwe wananiruka. Wanapita hapo nje na rozari zao, wanaenda kwa wenye wake. Kasema ni majaribio. Ikienda vizuri, narudi kwenye zamu. Ikiharibika, nitasali kwa wenzangu mpaka na mie nizikwe. Tafakari nitoe mwenyewe, juu ya matumaini. Erasmus katekista kacheka kwa pua. Kaniuliza, mzee Gaspar, shule uliishia wapi? Nikamwambia getini. Watu wakavunjika mbavu. Mie moyoni nikaumia.

Jumanne, 1 Aprili
Matumaini yenyewe sina. Nimetafuta nyumba nzima. Kuna masufuria na kiti cha marehemu. Nikaenda dukani kwa Quresh, mwenye vitabu mtaa huu ni yeye tu. Kanipa riwaya ya kutisha, kasema ilimlaza na taa wiki nzima. Kusoma najua. Nilijifunzia kwenye mifuko ya saruji, na hakuna mfuko ulionishinda.

Alhamisi, 3 Aprili
Jamani! Zimwi limekaa juu ya bati la mjane. Limeshamla mume. Limekula mbuzi, limekula mjumbe wa nyumba kumi. Na yule mama kila jioni anafagia uwanja. Zimwi linamuuliza anamfagilia nani. Anajibu, "Wageni wa kesho." Basi. Anaendelea kufagia.

Nikafunga kitabu. Uwanja wangu sijaugusa tangu msiba.

Hiyo ndiyo tafakari! Hata wale kina mama wa Injili walibeba manukato wakaenda kaburini, na jiwe hawajui nani atalisukuma. Waliondoka nyumbani hivyo hivyo. Erasmus akisikia hii atameza rozari.

Ijumaa, 4 Aprili
Nimefagia. Kumbe uwanja mkubwa hivi. Mgongo umekufa.

Ila sala yenyewe ni alfajiri, maneno matupu watasinzia. Na mie nilikuwaga nasimulia mpaka ugali unaungua Chamazi nzima. Nimepanda juu, nimeweka sufuria mbovu yenye mawe kwenye bati, nimefunga kamba, imeshukia dirishani mpaka kwenye kiti changu. Zimwi likitua, navuta. Kidogo tu, wachangamke.

Jumamosi, 5 Aprili
Nyumba ilijaa! Wengine walisimama mlangoni. Nikasimulia. Nikafika mama anafagia. Benedicta, ambaye huwa anakoroma hata kwenye Baba Yetu, alikuwa analia. Erasmus kaacha simu.

Nilitakiwa kuishia pale. Amina, chai, kwaherini.

Mkono ukavuta.

Sufuria ikabingirika bati zima, mawe nyuma yake. Benedicta aliruka nje kupitia dirishani, na mwili ule! Wengine wakaanza kukemea pepo. Nikapiga kelele kwamba ni kamba, jamani, hii hapa kamba, nimeifunga mwenyewe. Mama Kokuberwa akanitazama kwa huruma, akamwambia Erasmus taratibu: "Usimjibu. Si Gaspar huyo anayeongea."

Wakaondoka wote. Chai imebaki yote. Kiti cha marehemu walikipindua wakikimbia. Nimekiinua. Sikukikalia, nimekaa chini.

Jumapili, 6 Aprili
Kanisani benchi zima la kwangu peke yangu. Misa ikaisha, Mama Kokuberwa akanipa shikamoo kwa mbali, kama mtu anayemsalimia mbwa mgeni. Kasema nyumba yangu imetolewa kwenye zamu. Haiwezekani Wakristo wasali chini ya bati lenye pepo. Nilishaanza kuondoka.

Akaniita. Kasema hata hivyo hawawezi kuniacha hivi hivi. Jumuiya nzima itakuja kunisalia kila Jumamosi, mpaka pepo atoke. Erasmus ataleta maji ya baraka. Benedicta ataleta vitumbua, maana wagonjwa wa pepo huishiwa nguvu.

Kila Jumamosi! Na vitumbua!

Nilitaka kumwambia tena ile ni kamba. Nikafumba mdomo. Nikatikisa kichwa kidogo, nikageuza macho yakabaki meupe. Akaruka nyuma.

Tangu nirudi nafanya mazoezi ya sauti. Pepo wangu mbishi, ana ukoo mkubwa, na watatoka mmoja mmoja.