Banda la Maziwa na Kipeuo cha Thelathini

Jumatatu, 8 Septemba 2025
Dada yangu Habibo, muuza maziwa ya ngamia hapa Garissa, amepata nafasi sokoni. Mraba kamili, mita za mraba thelathini. Kamati imesema paa lisimame kabla ya sala ya Ijumaa, la sivyo nafasi apewe Jawahir, muuza maziwa mwenzake. Adow, mume wa Habibo, akataka kuleta fundi. Fundi! Na mimi nipo! Mtu niliyepima Mto Daua kule Mandera kwa jicho moja, tena lile bovu. Nikamwambia shemeji anywe chai, kazi ni yangu.

Jumanne, 9
Upande mmoja ni mita ngapi? Hapo ndipo wasiosoma hukwama. Unatafuta kipeuo: namba ijizidishe yenyewe, ilete thelathini. Siku walipofundisha hayo shuleni nilikuwa nafukuza simba. Nikavumbua njia yangu. Kipeuo cha nne ni mbili. Mbili ni nusu ya nne. Basi kipeuo ni nusu! Kumi na tano. Barwaqo, binti wa Habibo, yuko kidato cha pili, akaanza: abti, yaani mjomba, tano mara tano ni ishirini na tano, sita mara sita thelathini na sita, kwa hivyo jibu liko katikati, karibu tano na nusu. Karibu! Ndiyo elimu ya siku hizi, kukaribiakaribia.

Jumatano, 10
Nimechimba mashimo ya nguzo. La kwanza, safi. La pili likaingia kwa muuza viatu. La tatu katikati ya njia. Pa kuchimba la nne nikakuta choo cha soko. Dereva wa tuktuk, gurudumu likiwa shimoni, akauliza uwanja wangu wa ndege utafunguliwa lini. Adow alicheka mpaka akashika ukuta. Mwenyekiti wa kamati akaniamuru nifukie yote. Ijumaa haisogei, akasema. Nyuma yake Jawahir, tayari na mitungi. Wivu tu!

Alhamisi, 11
Habibo hanisemeshi. Chai imekuja bila sukari. Amempa Barwaqo kamba ya kupimia. Msichana akajaribu tano na nusu mara tano na nusu: thelathini na robo. Imezidi kidogo, akapunguza sentimita tatu kila upande. Adow akasimamisha nguzo. Mimi nikasimamia, kivulini.

Ijumaa, 12
Bati la mwisho lilipigwa msumari saa sita kasoro. Mwenyekiti akapima, akarudia, akampa Habibo nafasi yake. Jawahir huyo, akaondoka na mitungi. Alhamdulillahi, nimejenga!
Baada ya sala nikawa nasimulia nilivyojenga. Mzee Kulow, mfugaji wa ngamia kutoka Hadado, akavutiwa. Anataka zizi la mraba, mita za mraba mia tisa. Upande mmoja uwe mita ngapi? Sikuhitaji hata kalamu. Kipeuo sasa nakijua kwa moyo. Tano na nusu, nikamwambia. Akauliza ngamia wake sitini wataeneaje humo. Nikamjibu hesabu nimemaliza, sasa aongee na ngamia.