Ombi la Kurudishiwa Bahasha na Mtu Aliyekuwa Akizileta

Jumatano, tarehe 14 Mei

Kwa Meneja,
Kampuni ya Usafi wa Majengo.

Mheshimiwa,

YAH: MALALAMIKO JUU YA MIKATABA INAYOKUJA KWA SIMU

Shikamoo. Naahidi kusema yote katika barua hii, bila kuongeza wala kuficha, kwa sababu mwalimu wetu wa insha anasema mlalamikaji akificha nusu ya jambo, atajibiwa nusu.

Mimi ni mwanafunzi wa darasa la saba. Naishi na bibi pamoja na shangazi, yule fundi cherehani anayewashonea maovaroli wafanyakazi wenu. Zamani mkataba wa kila kazi ulikuja ndani ya bahasha ya kaki, mkononi mwa tarishi wenu, ambaye bibi alimpa jina la Bwana Bahasha. Tangu mlipoanza kutuma mikataba kwa mtandao, bahasha haiji na Bwana Bahasha haji. Madhara yake ni haya:

1. Sahihi. Siku hizi shangazi anasaini kwa kidole juu ya kioo cha simu. Kinachotokea hakifanani na jina la mtu. Ni kama kuku amepita hapo akiwa na haraka zake. Ofisi yenu humrudishia na maneno, "Sahihi hailingani na ya awali. Tafadhali rudia." Anarudia, inarudi. Bibi humtazama na kusema, "Wewe unayetunga uzi kwenye sindano huku unapiga soga, leo umeshindwa na kioo?" Shangazi anapangusa kidole kwenye gauni na kuharibu upya.

2. Muhuri. Shangazi ana muhuri wake wa mpira wenye picha ya mkasi, na simu haina mahali pa kuugonga. Bibi hakulijua hilo. Aliuchovya kwenye wino akaugonga juu ya kioo kwa nguvu zake zote, kwa nia njema kabisa. Wino umeingia kwenye ile plastiki ya kukinga kioo na hautoki. Mpaka leo kila anayetupigia simu ya video huonekana ana mkasi wa zambarau kwenye paji la uso, akiwemo mwalimu mkuu.

3. Shahidi. Bibi ndiye aliyekuwa shahidi wa mikataba yote. Alivaa miwani, akaketi wima, akauliza kama maovaroli yatakuwa na mifuko, kisha akaandika jina lake polepole huku sote tumenyamaza. Simu haijamwuliza chochote. Kwa kukosa kazi, sasa anashuhudia madaftari yangu ya hesabu. Juzi nilikosea swali, nikapewa adhabu kwa jibu ambalo lina shahidi.

4. Bwana Bahasha mwenyewe. Hili ndilo kubwa, na nimeliweka mwisho ili mlifikie mkiwa mmeshaanza kutuhurumia. Alipobisha, "Hodi, fundi!", shangazi alisimamisha cherehani, na cherehani ile haisimami hata paa likivuja. Alijibu, "Karibu, keti." Kalamu ya Bwana Bahasha haikuwahi kuandika hata siku moja, kwa hiyo ilitafutwa nyingine, na ikichelewa kupatikana hakuna aliyenung'unika. Akishaondoka, shangazi aliimba. Sasa haimbi, na kile kiti tumekiwekea mabunda ya vitambaa. Mheshimiwa, mimi nilikuwa nimeshachagua hata pa kukaa siku ya harusi.

Kwa hiyo naomba kampuni irudishe karatasi. Ikiwa mtandao hauepukiki, basi mkataba utumwe kwenye simu ya Bwana Bahasha, aulete kwa miguu, abishe hodi, na shangazi asaini humo wakiwa wameketi mezani kwetu. Ikiwa hilo nalo ni gumu, mleteni yeye peke yake, mkataba utafuata.

Bibi anawasalimu. Nanyi mtusalimie karani, mlinzi wa getini, wafagiaji wote walio ndani ya maovaroli yetu, na kompyuta zenu, ambazo mimi binafsi sina ugomvi nazo.

Wenu mlalamikaji mwenye adabu,
Binti wa kaka yake Fundi

N.B. Kabla sijafunga bahasha, simu imelia. Shangazi alikuwa na kitambaa mikononi, akaniambia niweke spika. Sauti ikasema, "Hodi, fundi!" Shangazi akajibu, "Karibu, keti," kana kwamba simu ina kiti. Kumbe Bwana Bahasha amehamishiwa dawati la kukagua sahihi! Ndiye anayezirudisha, na kila akirudisha hupiga simu kueleza kosa, mimi nikiwa shuleni.

"Hiyo ya leo umeiharibu kupita zote," alisema.

"Si ungeipitisha tu?"

"Nikiipitisha, kesho nitakupigia kwa sababu gani?"

Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, kama anaweza kuja Jumamosi bila bahasha yoyote. Shangazi alichukua simu, akafungua mkataba, akasaini kwa kidole kile kile, herufi zimenyooka kama mshono wa kola. Ukapitishwa kabla bibi hajapata miwani yake. Sasa shangazi anaimba.

Kwa hiyo naomba msirudishe karatasi, msibadilishe kitu, na msimwadhibu mtu. Ningeyafuta haya, lakini niliahidi kusema yote. Limebaki swali moja, na tafadhali nijibuni kwa simu, maana barua itachelewa: Jumamosi huwa mnamruhusu kutoka saa ngapi?