Malengo Saba na Ndoo Mbili za Uraka

Alhamisi, 1 Januari 2026

Mwaka mpya. Nimenunua kauntabuku na kalamu mbili: nyeusi ya kuandikia malengo, nyekundu ya kuwekea alama ya vema. Malengo ni saba. Kuamka saa kumi na moja alfajiri. Kuacha uraka, hii pombe yetu ya mabibo ya korosho, kabisa, hata wa kuonja. Kutokasirika. Kupalilia shamba la Mjomba Nandonde kule Chilangala kabla Januari haijaisha. Mengine matatu nitayaandika nikishayapata.

La nne ndilo lenyewe. Mjomba ni kaka wa mama yangu. Kwetu shamba la mjomba hushukia kwa wapwa, na wapwa tuko wawili tu: mimi na Damasi, mtoto wa mama mkubwa. Baada ya misa Mjomba alituita wote wawili. Akasema magoti yake yamekwisha. Mikorosho themanini atamkabidhi yule atakayesema jambo na akalitenda. Ataamua tarehe thelathini na moja.

Nikamsomea malengo yangu yote, hata nafasi zilizo wazi. Damasi akasema yeye atajaribu kumletea maji. Kujaribu! Mtu mzima wa miaka arobaini, lengo lake maji. Shamba ni langu.

Ijumaa, 2 Januari

Nimeamka saa tatu. Kosa ni la Yasinta, mke wangu, aliyekwenda bombani bila kuniamsha. Nimemweleza kwamba lengo la baba ni lengo la nyumba nzima. Amejibu kwamba, Baba Magdalena, daftari ni lako.

Sikukasirika. Nilitoka nje tu, nikapiga teke ndoo. Ilikuwa imejaa. Hapa Newala kumwaga maji ni jambo la kukosanisha koo mbili. Yasinta ameirudisha ndoo kwenye foleni bila kusema neno. Kwa nini hasemi? Nani anaweza kuishi na mtu asiyesema?

Jumanne, 6 Januari

Nimekwenda Chilangala. Nyasi zimefika kiunoni. Nimelima matuta mawili, mgongo ukagoma. Nikakaa kutafakari.

Damasi akapita na baiskeli yake, madumu manne ya maji nyuma, anampelekea Mjomba. Akashuka, akanisalimu kwa heshima zote. Makusudi hayo, namjua tangu utoto. Akauliza kama nataka anisaidie kidogo. Nikamwambia asijisumbue, nina mpango.

Sikuwa na mpango. Lakini sasa itabidi niwe nao.

Jumamosi, 10 Januari

Mpango umepatikana! Nitaalika watu. Ndivyo walivyolima wazee wetu: unaandaa uraka, watu wanakuja na majembe yao, jua likiwa kali kazi imekwisha. Lengo la nne halisemi nipalilie kwa mikono ya nani. Nimelisoma mara tatu kuhakikisha.

Mama Pili wa Kitangari bado anakamua mabibo ya mwisho wa msimu. Nimeagiza ndoo mbili. Yasinta akauliza mtu aliyeacha uraka anapeleka wapi ndoo mbili. Nikamwambia kununua si kunywa. Akatikisa kichwa. Wivu.

Jumamosi, 17 Januari

Nitaandika polepole ili nisikasirike.

Walikuja watu kumi na wanne na majembe. Ndoo zikatua. Wakakaa. Nikawakaribisha wanywe. Hakuna aliyenyanyua mkono. Mzee Likapa akakohoa, akasema mwenye kazi aonje kwanza.

Najua desturi. Mwenye kazi hunywa kata ya kwanza mbele ya watu, ionekane hakutia kitu. Lakini ninalo lengo la pili! Nikalitoa daftari, nikawasomea: hata wa kuonja. Nilitegemea wanipongeze. Wakatazamana. Mzee Likapa akauliza, kwa upole kabisa, ni kitu gani hicho kilichomo ambacho mimi mwenyewe nakikataa mpaka nimekiandika. Watu wakaanza kuokota majembe yao.

Hapo ndipo akatokea Damasi na madumu yake. Wakamweleza. Akashika kata, akaijaza, akanywa mpaka chini, akafuta mdomo. Basi! Watu wakanywa, wakaimba, wakalima. Saa tano shamba lote jeupe.

Nimeweka vema mbili nyekundu kwa siku moja. Hakuna mtu Newala nzima aliyewahi kufanya hivyo mwezi Januari.

Jumapili, 18 Januari

Nimedhulumiwa.

Nje ya kanisa watu wanaizungumzia kazi ya Damasi. Uraka wa Damasi. Wageni wa Damasi. Nimewasimamisha watatu, nikawaeleza nani aliagiza. Wote jibu moja: aliyeonja ndiye mwenye kazi. Ndoo ni za mke wangu! Uraka nimeubeba mimi toka Kitangari, bega hili hapa limevimba!

Kibaya zaidi, Damasi anatangaza kila mahali kwamba kazi ni yangu, yeye alionja tu. Sasa wanamsifu kwa unyenyekevu. Sijaona ujanja mchafu kama huo.

Jumatano, 21 Januari

Uraka uliobaki ulikuwa nusu ndoo. Nimesimamisha lengo la pili kwa muda na kuonja hadharani, ili haki ijulikane. Mashahidi walikuwa Yasinta na kuku. Kata ya tatu nilianza kuhutubia. Lengo la kuamka alfajiri nalo limesimamishwa.

Jumamosi, 31 Januari

Shamba amepewa Damasi.

Mjomba hakuuliza habari za uraka hata kidogo. Alisema Damasi alitaja maji, na maji yamefika mwezi mzima, mtungi haujakauka siku hata moja. Nikauliza, na palizi je? Akasema palizi ni nzuri sana, amekwisha kumshukuru Damasi. Nikamfungulia daftari, nikamwonyesha vema. Akaitazama, akanirudishia daftari.

Niliumia, naandika kama ilivyo. Mikorosho ile nilishika miche yake mimi nikiwa darasa la tano, Mjomba akifukia. Nilidhani anakumbuka.

Kumbe anakumbuka. Akasema iko mikorosho kumi na miwili ya mpakani, nje ya ile themanini, haikufikiwa siku ile, bado ina nyasi. Jumamosi ijayo nije mwenyewe, na jembe, bila ndoo. Nikimaliza ni yangu, hakuna kushindanishwa na mtu. Sauti yake ilikuwa kama inaniomba.

Jumamosi, 7 Februari

Sikwenda. Lakini nisieleweke vibaya. Nimeamka saa kumi na moja kamili, kwa mara ya kwanza mwaka huu!

Nikaona mtu hawezi kwenda shambani na malengo yaliyochakaa. Ajipange kwanza. Na kosa nimeligundua: Januari. Nani alisema mwaka unaanza Januari? Wa serikali unaanza Julai. Wa korosho unaanza minada ikifunguliwa. Nikachora jedwali jipya kwa rula, miezi juu, malengo pembeni. Nilipoinua kichwa ilikuwa saa saba mchana. Yasinta hayupo. Jembe halipo.

Amerudi saa tisa, tope mpaka magotini. Amesema Mjomba alimngoja mtu tangu alfajiri, alipomwona yeye akamkaribisha uji. Amemaliza miti yote. Mjomba amesema ni yake.

Yake! Mtu wa Masasi! Ukoo mwingine kabisa! Mimi ndiye niliyezaliwa na dada wa mtu yule. Nikamuuliza Yasinta kwa nini alikwenda bila kuniambia. Akasema aliniaga mara mbili, nikamwambia asiniharibie mistari.

Sikukasirika. Nimekaa nikaendelea na jedwali. Malengo ya Julai yamefika kumi na moja. La kwanza ni kuheshimiwa nyumbani kwangu. La pili ni kupalilia mikorosho ya mke wangu, nikishapata watu.